CD ya bure, muziki kimya

Wadau, leo historia kidogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Leseni yake ilisema nakili, gawa, fika nayo hata Mbamba Bay. Safi!

CD za Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, nazo zilikuja bure kwa posta hadi 2011. Ila ukiweka wimbo wa MP3, kimya. Hataza, yaani haki za wavumbuzi, zilibana mpaka 2017. Flash ya Adobe ndo kabisa: kuitumia bure, kuigawa ndani ya CD mpaka kibali. Eti kapakue mwenyewe mtandaoni. Jamani, mwalimu wa kijijini Mbinga asiye na intaneti akapakue wapi? CD ilitumwa kwa ajili yake yeye! Flash yenyewe Adobe waliizika Desemba 2020.