Asumini, Rehani na Kikuba: Historia ya Bustani ya Uani

Mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha kitabu kinene kuhusu mimea ya Unguja na Pemba, na jina la kitabu hicho liliitaja mimea ya aina mbili: ya manufaa na ya pambo. Ni kitabu cha thamani, na mtu anayetaka kujua visiwani kulioteshwa nini katikati ya karne ya 20 hana budi kukisoma. Hata hivyo, mgawanyo uliomo katika jina lake hauendani na uani wa Mswahili. Mrihani tuuweke upande upi? Majani yake huvaliwa kifuani siku ya harusi, na hayo hayo huwekwa juu ya kaburi jipya. Mhina nao ni ua wa kuzungushia kiwanja, dawa ya ngozi na nakshi ya mikono ya bibi harusi. Asumini hupambia nywele, hunukiza kitanda na hutiwa katika mafuta ya nazi. Ninachodai hapa ni kwamba watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na utamaduni kamili wa bustani kwa karne nyingi, ambao haukutenga uzuri na matumizi, na uliotengenezwa kwa ajili ya pua na mkono kuliko jicho. Wageni waliokuja kutafuta vitanda vya maua vilivyopangwa kwa rangi waliupita bila kuutambua, nasi wenyewe tumekuwa wepesi kukubali kwamba bustani ni jambo tulilofundishwa na wakoloni.

Ushahidi wa maandishi ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alipokelewa kwa sahani ya majani ya tambuu na popoo, kisha akamiminiwa maji ya waridi yaliyotoka Damascus. Chakulani aliletewa achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Ukarimu wa mji ule ulipimwa kwa mimea, nayo ilikuwa ya kutafuna, ya kunusa na ya kula katika karamu moja. Karibu karne mbili baadaye, Julai 1505, kundi la meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida liliiteka Kilwa na kuipora. Maelezo ya safari hiyo yanahusishwa na Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa ndani ya meli mojawapo, na katika kuorodhesha mali ya mji hakuishia kwenye dhahabu na nguo. Anataja machungwa na malimau, vitunguu, na mimea ya kunukia ukiwamo mrihani, ikimwagiliwa maji ya visima. Anaueleza pia mtambuu, jinsi unavyopandishwa juu ya vijiti na jinsi majani yake yanavyotafunwa pamoja na chokaa. Huyu alikuwa mtu wa upande wa wavamizi, asiye na sababu yoyote ya kuisifu Kilwa, na kwa hiyo ushahidi wake una uzito. Kabla Mreno hajaweka ngome yake ya kwanza pwani hii, watu wa Kilwa walikuwa wakichota maji kisimani kunywesha mimea ya harufu.

Swali la haki ni kwa nini basi magofu hayatuonyeshi bustani hizo. James Kirkman alianza kuchimba Gedi mwaka 1948, akafukua nyumba, nyua, visima na misikiti, na leo mgeni anaweza kutembea kati ya kuta hizo na kujua chumba kilikuwa wapi na choo kilikuwa wapi. Asumini hauachi msingi wa mawe. Mmea wa namna hiyo hufa ndani ya misimu michache asipokuwepo wa kuunywesha, na mizizi yake huoza ikawa udongo. Kwa hiyo anayeiandika historia ya bustani hii hulazimika kuisoma kwa mambo yaliyoizunguka: kisima karibu na nyumba, ua uliofungwa kwa ukuta mrefu, maji ya kuoga na ya kutawadhia ambayo lazima yaende mahali. Hulazimika pia kuusikiliza ushairi. Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na kati ya mafunzo ya ndoa alimweleza aoge, ajisinge, afunge nywele zake, atunge asumini na kuziweka kitandani. Mama mgonjwa anayemwachia bintiye wosia hapotezi beti kwa jambo la anasa tupu. Asumini imo humo kwa sababu ilihesabiwa kuwa sehemu ya kuendesha nyumba, na kwa sababu Mwana Kupona alijua binti hatahitaji kuinunua mbali.

Mtu akitaka kuielewa bustani hiyo na aanzie kwenye kikuba, kwa kuwa ndicho kilichoamua nini kipandwe. Kikuba ni kitita kidogo cha maua na majani ya kunukia, kinachofungwa na kubanwa nyweleni au kifuani. Ndani yake huwamo asumini, vishina vya mrihani, kilua, vipande vya ua la mkadi, pengine na langilangi. Kila kimoja kina kazi yake. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado tumba, hutungwa, kisha hufunguka usiku ikiwa tayari mwilini, kwa hiyo harufu yake huanza pale shughuli za mchana zinapokwisha. Mrihani hudumu hata ukinyauka, nao hutoa harufu zaidi ukisuguliwa. Mkadi una harufu nzito ambayo hubaki katika nguo siku kadhaa. Kilua ni ua dogo lisilovutia macho, na mtu asiyelijua angelikanyaga, lakini hakuna mwanamke wa pwani aliyewahi kulipanda kwa ajili ya sura. Aliyekichagua kila kimoja kati ya hivi alijua saa ya kufunguka kwa ua, muda wa kudumu kwa harufu na namna ya kuzioanisha harufu zisiuane. Elimu hiyo haikukoma kwenye kikuba. Singo ya kumsugua bibi harusi, mafuta ya nywele, maua yanayotandazwa kitandani, na marashi yanayonyunyizwa kwa mrashi katika maulidi ni matawi ya ujuzi huo huo.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote yalitoka nje: asumini Bara Hindi, waridi Uajemi na Uarabuni, tambuu na popoo Asia ya mbali. Kwa mimea hiyo wanasema kweli, na hakuna haja ya kuficha. Pwani hii iliishi kwa pepo za kaskazi na kusi, na vyombo vilivyoleta vyungu na nguo vilileta pia mbegu na miche. Hata hivyo hoja hiyo ina mapengo mawili. Kwanza, inaisahau mimea ya hapa hapa. Mkilua ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Bernard Verdcourt alipoueleza kitaalamu mwaka 1970 aliiita jenasi yake Mkilua, kwa kuwa wenyeji walikuwa wakiujua na kuutumia tangu zamani. Mwafu, asumini ya porini, haukuhitaji jahazi, wala kivumbasi, ambacho watu hukiweka nyumbani kufukuza mbu. Pili, hoja hiyo ikikubaliwa kwa uzito wake wote, hakuna nchi itakayobaki na bustani. Waingereza wanajivunia matulipu na mawaridi ambayo mababu zao hawakuyajua. Bustani hupata uenyeji wake kwa chaguo: nini kiliwekwa kando ya nini, kwa kazi gani, na nani. Hakuna aliyekileta kikuba kimekamilika kutoka Surat au Maskati. Kilioanishwa hapa, ua la mbali likafungwa pamoja na ua la msitu wa jirani.

Pingamizi zito zaidi ni la kijamii. Bustani zinazokumbukwa katika vitabu ni za majumba ya wakubwa. Salme binti Said, aliyezaliwa Bait il Mtoni mwaka 1844, aliandika katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886 juu ya michungwa mirefu ya jumba hilo ambayo watoto walijificha katika matawi yake. Mtoni, na baadaye Marhubi ya Sayyid Barghash, hayakutunzwa na mikono ya wenye nyumba. Maji yalichotwa na watumwa, na majani yalipaliwa na watumwa, na historia yoyote ya harufu nzuri ya Unguja inayoliruka jambo hilo haistahili kuaminiwa. Nalikubali pingamizi hilo kwa ukamilifu kwa upande wa majumba. Silikubali linapogeuzwa kuwa hukumu juu ya uani wote. Shamba la karafuu lilihitaji ardhi, mtaji na miaka mingi ya kungoja. Asumini humea kwa kipandikizi cha urefu wa kiganja, anachoweza kukivunja jirani na kukitoa bure. Mrihani huzaa mbegu kwa wingi usiomalizwa na nyumba moja. Mmea unaogawika hivyo hauwezi kufungiwa na tajiri. Baada ya amri ya 1897 iliyoondoa utumwa kisheria Zanzibar, na ya 1907 katika pwani ya Kenya, waliokuwa watumwa na watoto wao walikuwa na haki ya kujipamba bila kuomba ruhusa, na pambo la bei ndogo kuliko yote lilikuwa lile lililoota katika mtungi uliopasuka nyuma ya nyumba.

Kama utamaduni huu ulikuwa mpana hivyo, kwa nini haukuandikwa? Jibu lipo katika daftari za forodha. Karafuu tunaijua kwa kila hatua: ilivyopanuliwa enzi ya Sayyid Said, kimbunga cha 1872 kilivyoing'oa Unguja, na Pemba ilivyochukua nafasi yake. Tunaijua kwa sababu ilipakiwa, ikapimwa na kutozwa ushuru. Vivyo hivyo Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, ina kumbukumbu kwa sababu kazi yake ilikuwa kujaribu mazao ya biashara. Mlangilangi unatoa mfano ulio wazi zaidi. Komoro, wakati wa ukoloni wa Wafaransa, maua yake yalianza kukamuliwa mafuta kwa viwanda vya manukato vya Ulaya, na tangu hapo yanahesabiwa kwa kilo. Maua hayo hayo yakifungwa kwenye kikuba hayahesabiwi na mtu. Atakayesema kwamba karafuu ilibadilisha uchumi na siasa za visiwa, na kikuba hakikubadilisha chochote, anasema jambo la kweli kuhusu karafuu. Lakini historia ya watu si historia ya mapato ya serikali peke yake. Wanawake waliofungiwa nje ya daftari hizo walikuwa na elimu ya kilimo waliyorithishana mama kwa binti, nayo ilidumu zaidi ya tawala kadhaa zilizokuwa na makarani.

Linabaki pingamizi la leo: kwamba hayo yamepita, chupa ya manukato imechukua nafasi ya kikuba, maua ya plastiki yamejaa kumbi za harusi, na nyumba za mjini hazina tena uani. Mabadiliko hayo yapo, na hasa kupungua kwa ardhi ni tatizo halisi. Ila tukiangalia mimea yenyewe tutaona kwamba bustani hii ilikuwa tayari kwa ufinyu tangu mwanzo. Mrihani unatosheka na kopo lenye tundu chini na jua la nusu siku. Ukikatwa vichwa vyake kabla maua hayajakomaa, unaendelea kutoa majani kwa miezi. Asumini hukaa katika ndoo ya zamani barazani mradi upogolewe kila baada ya kuchanua, maana matumba huja kwenye machipukizi mapya. Mchaichai hugawanywa kwa kung'oa shina lenye mizizi, na shina moja huwa kichaka. Mhina huvumilia ukame na udongo wa chumvi chumvi, ukafaa kuwa ua wa kiwanja ambacho hakina fedha ya ukuta. Hakuna kati ya hii inayotaka dawa ghali wala mtaalamu, na kila mmoja unatoa kitu cha kutumia ndani ya nyumba. Mtu wa kipato kidogo ambaye hawezi kutumia maji kwa ua la kutazamwa tu anaweza kuyatumia kwa mmea unaotia chai ladha, unaofukuza mbu au unaompa binti yake kipato cha jioni. Hiyo ndiyo faida ya bustani isiyotenga pambo na manufaa, nayo ina maana zaidi katika mji wenye mgao wa maji kuliko ilivyokuwa Kilwa ya visima.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Kuta, milango na nakshi vinalindwa kwa kanuni, na mwenye nyumba haruhusiwi kubadili dirisha ovyo. Mimea iliyokuwa ndani ya kuta hizo haina kanuni yoyote, na nyua nyingi zilizokarabatiwa kwa ajili ya wageni zimepandwa miti ya mapambo ambayo bibi zetu wasingeijua. Ukarabati wa nyumba ya Kiswahili unaoacha uani bila asumini, mrihani na mkilua umekarabati nusu ya nyumba. Wasimamizi wa miji hii wanapaswa kuiorodhesha mimea hiyo kama wanavyoorodhesha milango. Wanapaswa pia kuandika elimu ya watungaji wa vikuba wangali hai na kuwalipa kama mafundi, na kutenga vitalu ambako mtu atapata kipandikizi cha mkilua bila kuingia msituni kuukata. Walimu wa historia nao wanaweza kuanza mara moja, maana mrihani uliotajwa Kilwa mwaka 1505 unaweza kuoteshwa dirishani mwa darasa, na mwanafunzi akausoma kwa mkono na pua kabla hajausoma kitabuni.