Board Haijakufa: Hadithi ya Spirit, Roboti Iliyokwama Mars

Kama simu yako imewahi kukwama kwa logo, inawaka, inazima, inawaka tena, unajua hiyo stress. Unampelekea fundi, anaitazama sekunde tatu, anakwambia, "Hii board imekufa." Mimi naona hiyo sentensi husemwa haraka sana. Na historia iko upande wangu.

Turudi Januari 2004. Spirit, roboti ya NASA, ilikuwa imetua ndani ya kreta ya Gusev kule Mars, ikiwa na kazi ya siku 90. Tarehe 21, kabla hata ya kumaliza wiki tatu, ikanyamaza. Siku mbili baadaye wahandisi wa JPL, California, wakapata habari kidogo kutoka kwake: kompyuta yake ilikuwa imejizima na kujiwasha zaidi ya mara 60. Usiku haikuwa inalala, na betri ilikuwa inaisha. Na hakuna fundi wa kutuma huko. Ilikuwa karibu kilomita milioni 200 kutoka hapa.

Sasa angalia hiyo kompyuta yenyewe. Prosesa ya megahezi 20, RAM ya megabaiti 128, flashi ya megabaiti 256. Smatifoni ya bei ya chini kabisa mtaani leo inaishinda mbali. Mfumo endeshi wake ulikuwa VxWorks.

Ungedhani kerneli imeharibika, ama flashi imeungua. Wapi! Shida ilikuwa mafaili. Mfumo ulikuwa unaweka orodha ya mafaili yote ya flashi ndani ya RAM. Tangu ile safari ya miezi saba kutoka Duniani, mafaili yalikuwa yamerundikana, mengine ya programu za zamani ambazo hazikuhitajika tena. Orodha ikakua hadi ikamaliza nafasi yake. Mfumo ukaomba kumbukumbu zaidi, ukanyimwa, ukajiwasha upya. Na kila ulipowaka, ulianza kwa kusoma flashi ile ile, ukajenga orodha ile ile, ukaanguka pale pale. Huo mzunguko haungeisha wenyewe hata ungengoja mwaka.

Sasa hapa ndipo napapenda. Kabla roboti haijaondoka Duniani, kuna watu walikaa chini wakajiuliza: je, siku moja flashi ikikataa? Wakaweka amri maalum, yenye maana kama "waka ukiwa kilema": anza bila kugusa flashi kabisa, tumia RAM pekee. JPL wakaituma hiyo amri. Spirit ikawaka, ikatulia, ikalala usiku. Baada ya hapo wakaanza kufuta mafaili ya zamani, na mwanzoni mwa Februari wakafomati flashi yote. Pacha wake, Opportunity, alikuwa ametua katikati ya hiyo balaa, kwa hivyo wakajua pia cha kuepuka kwake.

Spirit, ya siku 90, iliendelea kuwasiliana hadi Machi 2010. Zaidi ya miaka sita, manze.

Watu husherehekea kutua. Mimi nasherehekea ile amri ya ukilema, ju bila hiyo tungekuwa tunasoma kuhusu roboti iliyokufa kwa wiki tatu, na kila mtu angesema board ilikuwa mbovu.

Kwa hivyo wewe unayejifunza kuunda vitu na vibodi vidogo, Raspberry Pi ama chochote, usijivunie tu venye kinawaka vizuri leo. Jiulize kitawaka aje siku kerneli yake ikiharibika, ama kadi ikijaa. Weka nakala ya pili ya mfumo, mahali ambapo ile ya kwanza haiwezi kuigusa. Na kabla utangaze kifo, jaribu kuwasha bila ile sehemu unayoishuku. Kikiwaka, basi board ni nzima, na kazi yako ni kutafuta nini kinaiangusha.