Harry Thuku Angepata Kazi Leo?

Ukisoma historia ya Kenya shuleni, Harry Thuku unayekutana naye ni yule wa Machi 1922. Amekamatwa, umati umejaa nje ya kituo cha polisi Nairobi, Muthoni Nyanjiru anawasuta wanaume kwa uoga wao, kisha risasi zinalia. Kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 21 walikufa. Barabara inayopita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina jina lake.

Jambo ambalo mwalimu wangu hakuligusa ni kwamba Thuku alikuwa ameshawahi kufungwa kabla ya hapo, na si kwa siasa. Mnamo 1911, akiwa kijana aliyeingia mjini kutoka Kambui, alihukumiwa miaka miwili jela kwa kughushi. Si kuiba kuku. Kughushi, kosa ambalo mwajiri yeyote akilisikia anashika mfuko wake.

Halafu akatoka, akapata kazi. Hapo ndipo mimi huwa nasimama kidogo. Kwanza aliajiriwa na gazeti la masetla, Leader, akipanga herufi za chapa. Baadaye akawa opereta wa simu katika Hazina ya serikali ya kikoloni. Ndiyo, Hazina! Mtu aliyefungwa kwa kughushi alikaa ofisi moja na watu wa pesa za koloni nzima, na kilichomtoa pale hatimaye ni siasa, wala si kesi ile.

Wazungu hawakuwa na huruma, tusidanganyane. Walihitaji mtu anayesoma na kuandika Kiingereza, na vijana kama hao, waliopita kwa wamisionari, walikuwa wachache. Lakini kuna jambo la pili: Thuku alipotoka jela, hakukuwa na kipande.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa 1915, ila vita vikaichelewesha, ikaanza kufanya kazi vita vilipoisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alipaswa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila, alama za vidole, na mahali pa mwajiri kuandika: ameanza lini, analipwa ngapi, ameachiliwa lini. Karatasi ilikaa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Ukikutwa bila kipande, ni faini au jela. Na mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuajiriwa kwingine, maana kwa sheria wewe ni mtoro.

Utoro wenyewe ulikuwa jinai. Tafakari hapo. Mtu anachoka na matusi ya bwana shamba, anaondoka usiku kurudi kwao, na asubuhi ni mhalifu anayesakwa kwa alama za vidole. Hakuiba kitu, aliacha kazi tu. Kwa hiyo tunaposema rekodi ya uhalifu humzuia mtu kupata kazi, tukumbuke kwamba hapa kwetu kazi yenyewe ndiyo iliyotengeneza wahalifu wengi. Thuku aliporudi ulingoni 1921 na chama chake, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara.

Mwaka 1947 ilikuja sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Masetla wakaja juu. Alama za vidole? Hizo si za wahalifu? Waliipigia kelele hadi ikapatikana njia ya mtu kutumia picha na sahihi badala ya wino. Waliielewa vizuri sana ile aibu, ilipogeuka kuwa yao.

Sasa njoo leo. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikamatwa na msokoto mmoja wa bangi akiwa na miaka 19. Akakubali kosa, shangazi akauza mbuzi, faini ikalipwa, tukadhani imeisha. Miaka mitano baadaye akapata kazi ya udereva katika kampuni moja ya kusambaza bidhaa. Alipita mtihani wa barabarani, akaambiwa alete cheti cha tabia njema. Si unajua vile huwa: unajaza fomu mtandaoni, unalipa ada, unapeleka vidole vyote kumi vikapakwe wino, unasubiri. Cheti kikaja na kesi yake juu. Kampuni ikasema itampigia.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nazijua ofisi ambazo karatasi huongea kabla yako. Tofauti yetu ni kwamba mimi nimepungukiwa na karatasi moja, na yeye ana moja ya ziada.

Shangazi mwenyewe, ambaye ana duka, hakubaliani nami kabisa. "Wewe ungemwachia mwizi droo ya pesa?" aliniuliza. Nikamwambia la, nisingemwachia mara moja. Mwajiri ana haki ya kuuliza. Swali langu ni anauliza nini. Msokoto wa miaka mitano iliyopita unamwambia nini kuhusu breki na gia? Kosa la kughushi linahusiana na kazi ya benki, sawa. Lakini dereva, mpishi, askari wa getini, wote wanatakiwa cheti kilekile, kana kwamba makosa yote ni kosa moja na halizeeki.

Na huku juu mambo ni laini zaidi. Kifungu cha 99 cha Katiba kinamzuia kugombea ubunge mtu anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, lakini kinasema hazuiwi mpaka nafasi zote za rufaa ziishe. Aliyehukumiwa akakata rufaa anaweza kuwania kutunga sheria. Binamu yangu, aliyemaliza kulipa deni lake, hawezi kubeba maziwa na mikate.

Siku hizi anaendesha pikapu ya jirani anayeuza mchanga. Jirani hakutaka cheti. Alimpa funguo, akakaa kando yake hadi Gilgil na kurudi, akasema aanze Jumatatu. Analipa nusu ya kile ambacho kampuni ingelipa, na anajua kwa nini anaweza.