Asili ya Somo la Kompyuta Zilizopachikwa

Wengi wetu huiona kompyuta kuwa ni kitu chenye kioo na vibonye, kilichowekwa juu ya meza. Lakini ziko nyingi zaidi zisizoonekana, zilizomo ndani ya breki za motokaa, ndani ya pampu za kutia dawa mwilini, na ndani ya mita za umeme. Huitwa kompyuta zilizopachikwa. Jinsi zilivyopata kuwa somo la chuo kikuu ni habari inayotuhusu sisi wa lugha pia, kama nitakavyoonyesha.

Chanzo kimoja kilicho wazi ni maabara ya Charles Stark Draper huko Cambridge, Massachusetts, iliyokuwa wakati ule sehemu ya chuo cha MIT. Mwezi wa Agosti 1961 maabara hiyo ilipewa kazi ya kubuni kompyuta ya kuongoza vyombo vya Apollo. Ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi, na kumbukumbu yake ya kudumu ilichukua maneno 36,864 tu, ya biti 16 kila moja (neno hapa ni la kihesabu, si la sarufi). Kumbukumbu hiyo ilifumwa kwa mkono. Wanawake wa kiwanda cha Raytheon huko Waltham walipitisha nyaya katika pete ndogo za sumaku: waya uliopita ndani ya pete ulikuwa moja, na uliopita nje ulikuwa sifuri. Basi programu ikisha kufumwa haikusahihishika kwa wepesi, kama ukili uliokwisha kushonwa kuwa mkeka. Ikawapasa Margaret Hamilton na wenzake, walioandika programu hizo, kuyawaza makosa kabla hayajatokea.

Tarehe 20 Julai 1969, dakika chache kabla ya kutua mwezini, kompyuta ilitoa ishara ya hatari namba 1202. Ilikuwa imeelemewa na kazi. Lakini katika mpango uliobuniwa na Hal Laning kila kazi ilikuwa na daraja yake; kompyuta ikaanza upya, ikaziacha zilizo duni, ikaendelea kuongoza chombo. Naona hapo ndipo penye kiini cha somo zima: si wingi wa hesabu, bali kuijua ile isiyoweza kungoja.

Intel ilipotoa 4004 mwaka 1971, moyo wa kompyuta uliweza kukaa katika kipande kimoja cha silikoni, na ufundi huu ukaingia viwandani na hospitalini. Vyuoni, hata hivyo, mambo ya umeme na mambo ya programu yaliendelea kufundishwa mbalimbali.

Hatari ya kuiamini programu peke yake ilidhihirika katika Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, huko Marekani na Kanada, wagonjwa 6 walipigwa na mionzi iliyopita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mashine iliyoitangulia ilikuwa na vizuizi vya kimitambo. Katika hii viliondolewa, ulinzi ukaachiwa programu. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, mwendeshaji alisahihisha maandishi yake upesi, kabla ya sekunde 8 kupita. Sahihisho likaonekana katika kioo. Mtambo wenyewe haukulifuata. Uchunguzi wa Nancy Leveson na Clark Turner, uliochapishwa mwaka 1993, husomwa madarasani hata leo.

Edward Lee na Sanjit Seshia wa Berkeley, katika kitabu chao cha mafunzo cha mwaka 2011, wanashikilia kwamba katika mifumo hii wakati ni sehemu ya usahihi wenyewe. Jibu sahihi lililochelewa ni jibu baya.

Na hapa lugha yetu yataka uangalifu. Kupachika, kama mshale katika upote wa uta, kwafaa. Lakini wafasiri huandika wakati halisi kwa hesabu zinazofungwa na saa, na mwanafunzi huuliza, kwa haki, ni wakati upi usio halisi. Neno miadi tunalo tangu kale, nalo lina maana ya wakati uliowekwa ambao mtu hulaumiwa akiupitisha. Ningependa liandikwe hesabu ya miadi.