Taa ya Burwash, na Wapagazi Wasioandikwa

Katika jimbo la Sussex, kusini ya nchi ya Uingereza, kiko kijiji kiitwacho Burwash. Hapo pana kanisa la kale la Mtakatifu Bartolomayo, na karibu na lango lake imesimama nguzo ya mawe yenye taa juu yake. Nguzo hiyo ni ukumbusho wa watu wa kijiji waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, na majina yao yamechorwa. Desturi ya mahali pale ndiyo iliyotuvuta kuandika habari hizi: kila iwadiapo siku ya mwaka aliyokufa mmoja wao, taa ile huwashwa kwa ajili yake.

Ukumbusho wa namna hii waonekana karibu katika kila kijiji cha Uingereza, mara nyingi katika uwanja wa kanisa, kati ya makaburi ya wazee. Sababu yake si urembo. Katika mwaka 1915 ilikatazwa kuifukua maiti ya askari na kuirudisha kwao, maana matajiri wangaliweza kuwaleta watoto wao nyumbani, na maskini wasingaliweza. Basi wote wakaachwa walikoanguka, na mama wa kijijini hakuwa na kaburi la kuliendea. Jiwe la kijiji likawa kaburi lake. Hapo aliweka maua, hapo alilia. Majirani walichanga fedha kidogo kidogo, tena walibishana sana, wengine wakitaka msalaba, wengine ukumbi wa kukutania. (Wasomaji waliopata kukaa katika baraza ya kanisa hawatastaajabu.) Katika vijiji vingi majina yalipangwa kwa kufuata herufi, bila kutangulizwa cheo, hata mwana wa bwana mkubwa akawa chini ya mwana wa mchunga farasi wake.

Ndiyo maana mawe haya yahesabiwa leo kuwa urithi wa nchi. Mengi yameandikwa katika daftari ya vitu vinavyolindwa kwa sheria, na yaliyo katika uwanja wa kanisa hayawezi kuhamishwa wala kubadilishwa bila ruhusa ya dayosisi. Walakini tusidhani kwamba thamani yake ni ya mawe. Anayesoma majina ya Burwash apata habari isiyo katika vitabu vya majenerali: ni nyumba gani za kijiji zilizofiwa, na siku gani.

Jina moja katika nguzo ile ni la kijana John Kipling. Baba yake, Rudyard Kipling, mwandishi aliyejulikana dunia nzima, alikaa Burwash tangu 1902 hata kufa kwake mwaka 1936. Macho ya kijana yalikuwa mabovu, akakataliwa jeshini. Baba akamwomba rafiki yake mkuu, na mwana akapokewa. Akapotea katika vita ya Loos, Ufaransa, mwezi wa Septemba 1915, umri wake miaka 18. Wazazi wake walimtafuta miaka mingi, na wote wawili wakafa bila kuonyeshwa kaburi lake. Katika mwaka 1992 kaburi moja lilitambuliwa kuwa lake, ingawa wako wataalamu waliolitilia shaka. Kanisani Burwash kuna kibao cha shaba cha kumkumbuka.

Baba huyo, akiisha kufiwa, aliingia katika Halmashauri ya Makaburi ya Vita, iliyowekwa mwaka 1917, akawa ndiye mwenye kuteua maneno ya kuandikwa juu ya mawe. Hapo ndipo habari za Burwash zinapofika kwetu. Sanamu ya askari iliyosimama Dar es Salaam tangu 1927, na zile za Nairobi na Mombasa, zina maneno yaliyotungwa na mtu huyu huyu. Huwataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, tena humwahidi mwenye kupigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake.

Lakini ukizunguka sanamu zile, hutaona jina hata moja la hao walioahidiwa.

Wapagazi walikuwa wengi kupita askari. Waliandikwa kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wakachukua mizigo ya unga na risasi katika mvua na matope, na waliokufa kwa kuhara, homa na njaa walizidi waliopigwa risasi. Katika mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwakusanya wapagazi wa Unguja akaenda nao bara mwenyewe, akitembea kwa miguu pamoja nao. Baada ya vita, mwaka 1920, aliandika kijitabu cha kuwashutumu watawala wa Kiingereza kwa kazi ya kulazimishwa. Sisi twaona mambo hayo mawili hayatengani. Jina la wapagazi kwa Kiingereza limebaki vinywani mwetu katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, nasi hulitamka tukienda kununua samaki, bila kukumbuka kambi iliyokuwapo.

Katika mwezi wa Aprili 1921? La, haikuwa upesi hivyo: ilikuwa Aprili 2021, zaidi ya miaka mia baada ya vita, ndipo Halmashauri ile ile ya Makaburi ilipokiri na kuomba radhi. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa wazungu walitafuta jina la kila mtu. Kwa wapagazi waliona sanamu moja yatosha watu wote.

Katika mwezi wa Januari 2025 ukumbusho mpya ulifunguliwa Cape Town kwa ajili ya watu weusi wa Afrika ya Kusini waliokufa katika kazi za vita hiyo barani Afrika, zaidi ya 1,700. Kila mmoja amesimamishiwa nguzo yake ya mti, yenye jina lake na siku aliyokufa. Mti wenyewe ni mvule.