Njiwa wa Morogoro: Historia ya Wimbo Usiotoka Kichwani

Ni nadra kumpata mtu ambaye hajawahi kukaliwa na wimbo. Huja bila ya kuitwa, mtu akiwa jikoni, njiani au kitandani akiusubiri usingizi, na ukishaingia huzunguka papo kwa papo mithili ya punda wa kinu. Aghalabu hauji mzima. Huja mshororo mmoja au kibwagizo, tena na tena. Wajerumani wamekipa kioja hiki jina la mdudu wa sikioni. Waswahili husema tu kwamba wimbo umemganda mtu kichwani. Namna ya kuubandua imetafutwa tangu zamani. Kabla ya kuijua dawa, hata hivyo, yafaa kuijua safari ya wimbo wenyewe, na safari hiyo inaonekana wazi zaidi Morogoro.

Msamvu ni lango la mji huo. Hapo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikaelekea Dodoma na nyingine Iringa, na milima ya Uluguru ikisimama nyuma kama ukuta wa buluu. Ni mahali pa watu wapitao, na mpita njia husikia nyimbo nusunusu: redio ya duka imefika kwenye kiitikio, basi limeondoka. Hali hiyo haikuanza na mabasi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji yakakusanya vibarua wa makabila mengi, kila mmoja na ngoma ya kwao. Mshahara ulipopatikana, sehemu yake iliishia kwenye dansi na kwenye sahani za santuri.

Wasomaji wa mwambao wanaijua santuri kwa njia ya Siti binti Saad, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Miaka mitano baadaye, mwaka 1933, kampuni hiyohiyo ilianza kuleta Afrika mfululizo wa sahani zilizopewa alama ya GV, nyingi zikiwa za muziki wa Cuba. Wasikilizaji hawakuelewa maneno ya Kihispania, lakini midundo hawakuiona ngeni, kwani sehemu yake ilikuwa imevushwa na watumwa kutoka Afrika na sasa ilikuwa inarudi nyumbani ndani ya duara la sahani nyeusi.

Miongoni mwa walioganduliwa na sauti hizo alikuwa kijana wa Morogoro, Salum Abdallah. Mwaka 1948 aliunda kundi, na jina alilolipa ndilo ushahidi wa jambo tunalolizungumza: La Paloma, yaani njiwa. Hilo ni jina la wimbo wa Sebastián Iradier, mtunzi Mbaski aliyeuandika kwa mdundo wa habanera wa Cuba katikati ya karne ya kumi na tisa. Wimbo ulikuwa umekwisha kutua katika bandari nyingi za dunia kabla ya kutua chini ya Uluguru. Iradier alifariki mwaka 1865, asijue kwamba njiwa wake angepata kiota huko. Baadaye kundi hilo likawa Cuban Marimba Band, na Salum Abdallah akaimba kwa Kiswahili mambo ya mapenzi, ya mji na ya taifa jipya. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, miaka 100 baada ya Iradier, na Juma Kilaza akaishika bendi.

Mji huohuo ulikuwa na bendi nyingine, Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Humo alipata umaarufu Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji aliyekwenda na wenzake hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Mwaka 1973 aliunda Super Volcano. Ushindani wa wanamuziki hawa uliwanoa katika ufundi wa kuufanya wimbo usisahaulike. Wimbo wa dansi ulianza taratibu, kisa kikisimuliwa. Kisha likaja chemko, ambapo gitaa lilishika kifungu kifupi na kukirudia, waitikiaji wakarudia neno, na wachezaji wakachangamka. Chemko ni ndugu wa kibwagizo. Mshairi naye hufunga kila ubeti kwa mshororo uleule, akijua kwamba msikilizaji atasahau hoja za katikati na kuondoka na kile kilichorudiwa.

Wataalamu wa siku hizi wamethibitisha waliyoyajua watunzi hawa kwa mazoea. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 na Kelly Jakubowski na wenzake, uliowahusisha watu wapatao 3,000, uliona kwamba nyimbo zigandazo huwa na mwendo wa haraka na umbo la sauti lililozoeleka, lakini zenye mruko au marudio yasiyotarajiwa. Ira Hyman na wenzake walieleza mwaka 2013 kwamba wimbo unaoendelea kuzunguka kichwani mara baada ya kusikika huweza kurudi, na kwamba kazi ya akili isiyo nyepesi mno wala nzito mno huuzuia. Mwaka 2015 Philip Beaman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading waliona kwamba kutafuna chingamu hupunguza kuganda, kwa kuwa mtu aimbapo moyoni hutumia kwa siri nyenzo zilezile za kusemea. Mtafunaji tambuu wa visiwani atatabasamu.

Dawa ya kongwe zaidi aliisimulia Mark Twain mwaka 1876. Katika kisa chake, mtu anagandwa na ubeti kuhusu kondakta atoboaye tiketi mbele ya abiria. Hali, halali, hafanyi kazi. Anapona siku anapomfundisha rafiki yake, kasisi, ambaye naye hapati raha mpaka aurithishe kwa wanafunzi wa chuo. Twain alikusudia kuchekesha, lakini alichokieleza ndicho kilichozihifadhi tungo nyingi kabla ya daftari na santuri: aliyejazwa alimjaza mwenzake. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, uliishi katika nakala za mkono na vilevile katika vifua vya wanawake waliouimba.

Tarehe 12 Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe naye alifariki kwa ajali ya gari, huko Mombasa, akiwa hajatimiza miaka 35. Ajali mbili zilikuwa zimewachukua vinara wawili wa mji mmoja. Sahani hukwaruzika na kanda hunyauka. Nyimbo zao zimeendelea kwa sababu watu walishindwa kuzitoa vichwani, wakaziimba shambani, jikoni na safarini, na watoto wakazichukua bila ya kufundishwa. Basi anayetaka wimbo umtoke na autafute, ausikilize mpaka mwisho. Usipotoka, na amwimbie mwingine. Yeye atapata nafuu, na mtunzi aliyelala kaburini atapata kifua kingine cha kukaa.