Gari la Kale la Kifahari Kama Sadaka: Thamani Ipimwe kwa Mpokeaji

Mwezi Mei 2022, katika makumbusho ya Mercedes-Benz mjini Stuttgart, gari moja kati ya mawili tu ya 300 SLR Uhlenhaut Coupé yaliyoundwa mwaka 1955 liliuzwa kwa euro milioni 135, bei ambayo hakuna gari lililokuwa limewahi kuifikia mnadani. Kampuni ilitangaza kwamba fedha hizo zingeanzisha mfuko wa kuwasomesha vijana katika masuala ya mazingira. Ulimwengu ulizungumzia bei. Mfuko ulitajwa kwa kupita tu. Mpangilio huo wa habari unaonyesha kosa ambalo makala haya yanakusudia kulipinga. Gari la kale linapotolewa kwa hisani, thamani ya zawadi haimo ndani ya chuma chake, wala haimo katika hati ya mthamini. Imo katika kazi ambayo taasisi iliyolipokea imewezeshwa kuifanya, na kipimo hicho ndicho kinachopaswa kuwaongoza watunga sheria, taasisi na watoaji wenyewe.

Marekani inatupa ushahidi ulio wazi kuliko nchi nyingi, kwa kuwa huko mtu anayetoa gari lake kwa shirika la hisani hupata nafuu ya kodi. Kwa miaka mingi mtoaji aliruhusiwa kudai nafuu hiyo kwa kufuata bei zilizochapishwa katika vitabu vya bei za magari, hata kama gari lake lilikuwa bovu. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilifuatilia magari 54 yaliyotolewa, ikagundua kwamba kwa theluthi mbili ya magari hayo mashirika yalipata asilimia 5 au pungufu ya thamani ambayo watoaji walikuwa wameidai. Sehemu ya pengo hilo ilitokana na thamani zilizokuzwa, na sehemu nyingine iliishia kwa mawakala, matangazo na gharama za kuvuta magari. Sheria iliyopitishwa mwaka 2004, na kuanza kutumika mwaka uliofuata, iliamuru kwamba gari linalodaiwa kuzidi dola 500 lihesabiwe kwa bei ambayo shirika limeliuzia kweli, isipokuwa pale shirika linapolitumia lenyewe kwa kazi yake, kulikarabati kwa kiasi kikubwa au kumpatia mhitaji. Walioipinga walisema ingewavunja moyo watoaji, na ni kweli kwamba madai ya nafuu yalipungua sana mara moja. Lakini kupungua kwa madai si sawa na kupungua kwa msaada. Pale shirika lilipopata senti tano katika kila dola iliyodaiwa, hazina ya umma ilikuwa ikigharimia sadaka ambayo kwa sehemu kubwa haikuwapo.

Hata hivyo, gari la kale la kifahari si gari bovu la uani. Gari la kawaida hushuka bei kila mwaka. Hili hupanda, na hapo sheria ya kodi ya Marekani inapoteza mwelekeo. Tuchukue mfano wa mtu aliyenunua gari kwa dola 40,000, na sasa lina thamani ya dola 400,000. Akilitoa kwa hospitali ya watoto, na hospitali ikaliuza, kwa kawaida nafuu yake haizidi zile 40,000 za manunuzi. Akilitoa kwa makumbusho ya magari yatakayolitumia kwa shughuli zake, anaweza kudai 400,000 zote, mradi lisiuzwe ndani ya miaka mitatu. Wanaotetea kanuni hii wanasema thamani za vitu vya anasa ni rahisi kuchezewa na wathamini. Hofu hiyo ina msingi pale ambapo hakuna mauzo. Lakini nyundo ya dalali ikishagonga, na fedha zote zikaingia katika akaunti ya hospitali, ni bei gani tena inayotiliwa shaka? Ukitaja kwamba ongezeko hilo la thamani halikutozwa kodi, nitakujibu kwamba mtoaji wa hisa za soko la mitaji, akizishika zaidi ya mwaka mmoja, huruhusiwa kudai bei ya soko hata kama shirika litaziuza siku hiyohiyo. Kwa kipimo cha mpokeaji, sheria hiyo inathamini kuhifadhi kuliko kusaidia.

Sidai kwamba kila gari liuzwe. Wasomaji wa pwani wanaifahamu wakfu: nyumba au shamba la minazi hubaki, na mapato yake ndiyo yanayotumika. Gari halizai hivyo, linakula. Linahitaji banda kavu, bima, matairi ambayo huchakaa hata yakiwa yamesimama, vipuri visivyotengenezwa tena na fundi anayekijua chuma cha zamani. Taasisi isiyo na kazi nalo ikilishikilia inageuka mlinzi wa mali isiyomhudumia mlengwa wake yeyote. Ndiyo maana uamuzi wa shirika la uokoaji baharini la Uingereza, RNLI, ulikuwa sahihi: liliporithishwa Ferrari mbili kwa wasia, liliziuza mwaka 2015 kwa jumla ya takriban pauni milioni 8.5, fedha za kununulia boti za kuokoa watu. Kinyume chake, Chuo cha McPherson kilichopo Kansas kimekuwa kikifundisha ukarabati wa magari ya kale tangu mwaka 1976, na programu hiyo ilianzia kwenye mkusanyiko wa magari kiliopewa. Mwaka 2023 Mercedes-Benz 300 S ya mwaka 1953, iliyokarabatiwa na wanafunzi wake, ilishika nafasi ya pili katika kundi lake kwenye maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach. Mikononi mwa wanafunzi hao injini ya zamani ni kitabu cha kiada, na kuiuza kungekuwa kuichoma maktaba.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wapenzi wa urithi. Mwaka 1965 Mercedes-Benz iliyapa makumbusho ya uwanja wa mbio za magari wa Indianapolis gari la mashindano la W 196 R, lililowahi kuendeshwa na dereva wa mbio Juan Manuel Fangio. Februari 2025 makumbusho hayo yaliliuza kwa zaidi ya euro milioni 51, yakieleza kwamba yanataka kujikita katika historia ya uwanja wao na kuimarisha fedha zao. Je, hilo si kumsaliti mtoaji, na kuufungia urithi wa wengi katika gereji ya tajiri mmoja? Nadhani miaka 60 ya kulitunza ni utumishi wa kutosha, na zawadi isiyo na masharti haiwezi kudaiwa masharti baadaye. Hoja ya urithi, hata hivyo, inabaki na nguvu, na jibu lake linapatikana kwenye mkataba: mnunuzi wa Uhlenhaut Coupé alikubali gari liendelee kuonyeshwa hadharani katika hafla maalumu. Sharti kama hilo laweza kupunguza bei kidogo, lakini linauhifadhi urithi bila kuligeuza shirika la hisani kuwa bohari.

Wapo pia wanaosema zawadi za namna hii ni mapambo ya jina la mtoaji. Lamborghini aliyopewa Papa Francis mwaka 2017 iliitangaza kampuni kote duniani, hilo halikataliki. Papa hakuliendesha gari hilo; liliuzwa Monte Carlo mwaka uliofuata kwa euro 715,000, kwa ajili ya miradi ikiwemo kuwarejesha Wakristo wa uwanda wa Ninawi nchini Iraq katika nyumba na makanisa yao. Nia ya mtoaji haina mkaguzi hapa duniani, lakini fedha zinaye. Kwa hiyo taasisi inayopokea gari la thamani kubwa ilazimike kutangaza mambo matatu: bei iliyopatikana, kilichokatwa na dalali na mawakala, na kazi iliyofanywa na kilichobaki. Mtoaji naye aombe taarifa hiyo iandikwe kama sharti kabla hajakabidhi funguo.